Ahadi ni Deni: Tusome Kabla ya Kutia Saini



Mwezi huu tumeona tuzungumzie jambo linalotajwa sana katika vikao vya kina mama na hata nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa: kumbi za mazoezi ya viungo, ambazo vijana wetu huziita jimu. Hapa Campbelltown na katika vitongoji vyake kumbi hizi ni nyingi, na nyingine hazifungwi usiku wala mchana. Sisi tuliozoea kwenda kwa miguu sokoni na shambani, leo safari zetu ni za gari na kazi zetu nyingi ni za kuketi. Na daktari akishataja sukari au shinikizo la damu, aghalabu humalizia kwa kutuhimiza tufanye mazoezi. Afya ni amana, na kuitunza ni wajibu. Hatuna, basi, ugomvi na mazoezi. Neno letu ni juu ya mkataba.

Mama mmoja wa jamaa zetu, aliyeshauriwa hivyo na daktari wake, alikwenda katika ukumbi ambao jina lake tunalihifadhi. Aliuliza swali moja tu: je, wanawake wana mahali pao peke yao? Kijana aliyempokea akamjibu kwa bashasha kwamba chumba kipo, asiwe na wasiwasi. Mama akatia saini mkataba wa miezi kumi na miwili, na ada ikawa inakatwa benkini kila baada ya wiki mbili. Haikutimia miezi mitatu, chumba kile kikafunguliwa kwa wote. Alipolalamika, akaoneshwa karatasi: hamkuwa na neno hata moja juu ya chumba cha wanawake, bali kifungu kinachoupa ukumbi ruhusa ya kubadilisha huduma upendavyo, naye akitaka kutoka, alipe faini. Akaacha kwenda, na fedha zikaendelea kukatwa. Alinyamaza kwa haya, akidhani kwamba kuomba sitara ni kuomba upendeleo.

La, hasha. Haja yake si ngeni katika nchi hii. Mwaka 1989 Bibi Diana Williams alianzisha Fernwood katika jimbo la Victoria, kumbi za mazoezi za wanawake peke yao, na hakuzianzisha kwa ajili ya Waislamu. Na mwaka 2004, hapa hapa Sydney, Bibi Aheda Zanetti alibuni burkini, vazi ambalo limewawezesha wanawake wengi kuogelea bila ya kuacha sitara yao.

Sheria nayo haikumwacha mkono. Tangu tarehe 1 Januari 2011, Sheria ya Walaji ya Australia inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, iwe kwa maandishi au kwa mdomo. Kifungu kinachompa upande mmoja peke yake uwezo wa kuugeuza mkataba huweza kuhesabiwa kuwa cha dhuluma, na kifungu cha namna hiyo hakina nguvu. Na tangu tarehe 9 Novemba 2023, anayekiweka katika mikataba yake ya kawaida huweza kutozwa faini kubwa.

Binti yake alipopata habari, walikaa pamoja wakaandika barua, wakieleza nani aliahidi nini na siku gani, kisha wakapeleka malalamiko NSW Fair Trading. Mkataba ukavunjwa bila ya faini. Lakini fedha za miezi ile aliyonyamaza hazikurudi.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Nasi twajua kwamba aya iliyo ndefu kupita zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikwa kwa deni na kuwekwa mashahidi. Basi ikiwa ahadi ni deni, nayo na iandikwe.

Kwa hiyo twashauri hivi. Mkataba uchukuliwe nyumbani ukasomwe. Saa za wanawake, namna ya kujitoa na gharama yake, viandikwe humo kabla ya saini. Asiyependa kufungwa kwa mwaka mzima aulize kwanza katika vituo vya halmashauri yetu, kama vile vya Macquarie Fields na Eagle Vale, juu ya kulipa kila aendapo. Benki inawajibika kusimamisha makato mteja akiomba. Lakini tukumbuke kwamba kusimamisha makato siko kuvunja mkataba, na deni huweza kubaki. Ukidhulumiwa, piga simu Fair Trading, 13 32 20. Ikiwa Kiingereza kinakutatiza, piga kwanza 131 450 uombe mkalimani wa Kiswahili.

Na zaidi ya yote, tusinyamaze. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki isiyodaiwa hupotea vivyo hivyo.

Wabillahi tawfiq.