Jinsi umeme unavyotuliza mtetemeko wa maradhi ya Parkinson

MGONJWA amelala mezani, kichwa kimebanwa kwenye fremu ya chuma ili kisisogee hata kidogo. Fuvu lake limetobolewa tundu dogo, lakini yu macho. Nyuma yake amesimama daktari wa upasuaji wa ubongo. Mbele yake ameketi daktari mwingine, bingwa wa magonjwa ya neva, ambaye anamwomba akunje na kukunjua ngumi, aguse pua kwa kidole na kuhesabu kutoka moja hadi kumi. Mkono unatetemeka. Kisha umeme unawashwa, na mkono unatulia.

Upasuaji wa aina hii sasa hufanywa katika hospitali nyingi kubwa duniani, ingawa baadhi ya vituo siku hizi humlaza mgonjwa usingizi kabisa. Hata hivyo, tiba yenyewe ilikomaa katika mji mmoja, Grenoble, ulio kusini-mashariki mwa Ufaransa, chini ya milima ya Alps. Ni katika hospitali ya chuo kikuu ya mji huo ambapo daktari wa upasuaji Alim-Louis Benabid na mwenzake Pierre Pollak, bingwa wa neva, walipochapisha mnamo 1987 ripoti ya kwanza ya jinsi walivyotumia nyaya za umeme ndani ya ubongo kuzuia mtetemeko wa wagonjwa wa Parkinson.

Maradhi hayo yalielezwa kwa kina mara ya kwanza mnamo 1817 na James Parkinson, daktari wa London. Chanzo chake ni kufa polepole kwa seli zilizo katikati ya ubongo ambazo hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hii ndiyo huuwezesha mwili kuanza na kuongoza miondoko. Inapopungua, mikono hutetemeka mtu akiwa ametulia, viungo hukakamaa, hatua hufupika, uso hukosa ishara za furaha au huzuni na mwandiko huwa mdogo mno. Waliomtazama bondia Muhammad Ali akiwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta mnamo 1996 waliona mkono wake ukitetemeka mbele ya ulimwengu mzima. Aligunduliwa kuwa na ugonjwa huo mnamo 1984.

Dawa ipo. Tangu George Cotzias alipoonyesha nchini Marekani mnamo 1967 kuwa levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, humwinua mgonjwa aliyeshindwa kutembea, dawa hiyo imekuwa tegemeo kuu. Lakini baada ya miaka kadhaa uhondo hupungua. Dozi iliyokuwa ikitosha kwa saa sita hudumu saa mbili, na nguvu yake inapofikia kilele, mwili huanza kujinyonganyonga bila hiari ya mwenyewe. Mgonjwa hujikuta akiishi siku yake vipande vipande, saa moja akiwa mzima, saa nyingine akiwa amekwama kitini kama gari lililoishiwa na mafuta.

Kabla ya levodopa, na hata baada yake, kulikuwa na madaktari waliotibu mtetemeko kwa kuunguza kijisehemu cha thalamasi, kitovu kilicho ndani kabisa ya ubongo ambako habari nyingi za mwili hupitia. Mtetemeko uliisha kweli, lakini kilichounguzwa hakirudi. Aidha, mgonjwa aliyefanyiwa hivyo pande zote mbili za ubongo mara nyingi alipoteza uwezo wa kutamka maneno vizuri au kumeza chakula. Kwa hivyo mtu aliyetetemeka mikono yote miwili alilazimika kuchagua ni upi atauokoa.

Kabla ya kuunguza, ilikuwa desturi ya madaktari kupitisha umeme kidogo kwenye ncha ya sindano ili kuhakikisha wamefika mahali panapofaa. Umeme wa mapigo machache kwa sekunde haukusaidia kitu. Wakati mwingine ulizidisha mtetemeko. Benabid alijaribu kuongeza kasi ya mapigo hatua kwa hatua, na alipokaribia mapigo 100 kwa sekunde, mtetemeko ulikoma. Alipozima umeme, ulirudi. Ilikuwa kana kwamba sehemu ile imeunguzwa, ila safari hii madhara yangeweza kufutwa kwa kubonyeza kitufe.

Nyaya za umeme zilikuwa tayari zikiwekwa ubongoni kutibu maumivu sugu, na betri za kusukuma moyo zilikuwa zimezoeleka. Timu ya Grenoble iliunganisha mambo hayo mawili. Wagonjwa waliokuwa wameunguzwa upande mmoja wa ubongo waliwekewa waya upande wa pili, na hivyo mkono wa pili ukapata nafuu bila hatari ya kuwaharibia usemi kabisa.

Hatua iliyofuata ilianzia mbali na Ufaransa. Mnamo 1982, vijana kadhaa wa California waliojidunga heroini bandia walikauka ghafla kama sanamu. Daktari William Langston na wenzake waligundua kuwa dawa hiyo ilikuwa na sumu iitwayo MPTP, ambayo huua seli zilezile zinazoangamizwa na Parkinson. Msiba wa vijana hao ukawa ufunguo wa utafiti, kwani wanasayansi sasa waliweza kuzua hali kama ya Parkinson katika nyani. Mnamo 1990, Mahlon DeLong na wenzake walionyesha kuwa nyani hao hupata nafuu kubwa iwapo kiini kidogo kilicho chini ya thalamasi kitaharibiwa, kwa sababu Parkinson hukifanya kifanye kazi kupita kiasi. Timu ya Grenoble haikutaka kukiharibu. Mnamo 1993 ilianza kukipelekea umeme, na matokeo yakapita yale ya awali: si mtetemeko pekee uliotulia, bali pia ukakamavu wa viungo na uzito wa miondoko. Mnamo 2014, Benabid na DeLong walitunukiwa kwa pamoja tuzo ya Lasker ya Marekani.

Kifaa chenyewe hakitishi kwa ukubwa. Ni waya usiofika unene wa milimita moja na nusu, wenye vijisehemu vinne au zaidi vya kutoa umeme kwenye ncha yake. Waya huo hupita chini ya ngozi ya kichwa na shingo hadi kwenye betri iliyofukiwa kifuani, karibu na mfupa wa mtulinga. Kiini kinacholengwa hakizidi punje ya dengu kwa ukubwa. Kukosea kwa milimita mbili kunaweza kuufanya uso uvutike, macho yageuke au mgonjwa aanze kucheka bila sababu. Ndiyo maana picha za MRI huchukuliwa kwanza na daktari wa neva huendelea kumpima mgonjwa papo hapo mezani.

Kazi kubwa zaidi ya kliniki ya aina hii, pengine tofauti na wanavyodhani wengi, hufanyika nje ya chumba cha upasuaji. Mgonjwa huanza kwa kunyimwa dawa usiku kucha, kisha asubuhi hupimwa jinsi anavyotembea, anavyoinuka kitini na anavyogeuza mikono. Baada ya hapo hupewa levodopa na kupimwa tena. Asiyepata nafuu ya angalau theluthi moja kutokana na dawa kwa kawaida hurudishwa nyumbani bila upasuaji, kwa sababu, ukiondoa mtetemeko, umeme hurekebisha yale tu ambayo levodopa huyarekebisha. Ni kanuni chungu kuieleza kwa familia iliyokuja na matumaini ya muujiza. Mtaalamu wa saikolojia naye hupima kumbukumbu na hali ya moyo, kwani mtu aliyeanza kusahau sana au mwenye sonona kali anaweza kudhurika.

Baada ya upasuaji hufuata miezi ya kurekebisha mitambo. Daktari au muuguzi hutumia kifaa cha mkononi kuchagua ni kijisehemu kipi cha waya kitoe umeme, kwa nguvu gani na mara ngapi. Mapigo 130 kwa sekunde ndicho kipimo cha kawaida. Dozi ya dawa hupunguzwa taratibu kadiri umeme unavyoongezwa, na mizani hiyo ikikosewa, mgonjwa huweza kujinyonganyonga upya au kuzama katika huzuni.

Matokeo yamepimwa kwa makini. Mnamo 2003, timu ya Grenoble ilichapisha matokeo ya wagonjwa 49 waliofuatiliwa kwa miaka mitano: walipopimwa bila dawa, miondoko yao ilikuwa imeboreka kwa asilimia 54 ikilinganishwa na kabla ya upasuaji. Utafiti huohuo haukuficha upande wa pili. Usemi haukuimarika, na matatizo ya kuganda wakati wa kutembea yalizidi kadiri miaka ilivyosonga. Umeme hauzuii seli kufa. Ugonjwa huendelea na safari yake chini kwa chini. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mnamo 2013, ukihusisha wagonjwa 251 wa Ujerumani na Ufaransa, ulionyesha kuwa waliopasuliwa mapema, wakiwa na umri wa wastani wa miaka 52, waliishi maisha bora kuliko waliotumia dawa pekee.

Hatari zipo pia. Damu inaweza kuvuja ubongoni, jambo linalompata mgonjwa mmoja au wawili kati ya 100, na vijidudu vinaweza kuingia kwenye nyaya na kulazimisha ziondolewe.

Lililowashangaza wengi lilitoka hospitali ya Pitié-Salpêtrière, Paris. Mnamo 2006, madaktari wa huko walichapisha mahojiano na wagonjwa 29 ambao miili yao ilikuwa imepata nafuu dhahiri. Wengi hawakuwa na furaha. Baadhi ya ndoa ziliingia mgogoro, kwani mke au mume aliyekuwa mlezi kwa miaka mingi alijikuta hana kazi, naye mgonjwa aliyepata uhuru hakutaka tena kulelewa. Wengine hawakuona sababu ya kurudi kazini. Tangu hapo, kliniki nyingi humwita mwenzi wa mgonjwa kwenye mazungumzo kabla ya upasuaji, hatua ambayo ingefaa kuchukuliwa tangu mwanzo.

Kufikia mwaka 2019, zaidi ya watu 160,000 duniani walikuwa wamewekewa vifaa hivi. Mbali na Parkinson, hutumika kwa mtetemeko wa kurithi, mikazo ya misuli isiyotawalika na baadhi ya visa vya kifafa. Kwa sonona, majaribio hayajatoa matokeo ya kutegemewa. Ipo pia njia isiyohitaji kisu, ya kutumia sumaku juu ya fuvu, iliyovumbuliwa mnamo 1985 na Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza. Njia hiyo hutumika zaidi kwa sonona, na haifai kuchanganywa na hii ya nyaya.

Afrika Mashariki, kizingiti huwa kabla hata ya kufikiria upasuaji. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro nchini Tanzania, na kuchapishwa mnamo 2008, uliwapata watu 33 wenye Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Kutetemeka kwa mzee huchukuliwa kuwa uzee tu, au husingiziwa uchawi. Ajabu ni kuwa upupu, mmea unaowawasha watoto vichakani, una levodopa ndani ya mbegu zake. Lakini kiasi chake hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu, na madaktari huonya dhidi ya kujitibu nao kiholela.

Anayewekewa nyaya ughaibuni na kurejea nyumbani hubeba jukumu jingine. Betri ya kawaida hudumu kati ya miaka mitatu na mitano, ile ya kuchajiwa 15 au zaidi, na inapozimika ghafla dalili zote hurudi kwa kishindo kiasi cha kuhatarisha maisha. Ndiyo maana mgonjwa hupewa kadi ya kutembea nayo daima. Huionyesha kwa walinzi wa uwanja wa ndege kabla ya kupita kwenye mashine ya ukaguzi, kwa daktari wa meno na kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye hatakiwi kamwe kumtibu kwa mashine ya joto la mawimbi ya umeme, kwani joto hilo husafiri kupitia waya hadi ubongoni.