Mjadala kuhusu sifa za Jerry Lewis

Mjadala kuhusu sifa za Jerry Lewis ni ubishi wa muda mrefu kati ya wahakiki wa filamu juu ya swali hili: je, mchekeshaji na mwongozaji wa filamu Jerry Lewis (Newark, New Jersey, 16 Machi 1926 – Las Vegas, Nevada, 20 Agosti 2017) alistahili kuitwa msanii mkubwa wa sinema, au alikuwa mchekeshaji wa kawaida aliyesifiwa kupita kiasi?

Ubishi huo ulipamba moto katika miaka ya 1960, pale wahakiki wengi wa Ufaransa walipomhesabu kati ya waongozaji bora wa wakati wake, huku wahakiki wengi wa Marekani, nchi yake mwenyewe, wakimdharau. Hadi leo wanafunzi wa sinema huutumia kama mfano wa jinsi watu wanavyoweza kutazama kazi ileile na kutoa hukumu mbili zinazopingana.

Maisha na kazi kwa ufupi

Lewis alizaliwa katika familia ya Kiyahudi ya watumbuizaji, ambayo jina lake la ukoo lilikuwa Levitch. Mwaka 1946 aliungana na mwimbaji Dean Martin katika klabu moja ya Atlantic City. Martin alikuwa mtanashati aliyeimba kwa utulivu. Lewis alikuwa kama mtoto mtundu asiyemwacha mwenzake amalize wimbo. Kati ya 1949 na 1956 walicheza pamoja filamu 16, na mwaka 1952 kura ya wamiliki wa majumba ya sinema nchini Marekani iliwaweka nafasi ya kwanza kati ya waigizaji wanaovuta watazamaji wengi.

Baada ya kutengana na Martin mwaka 1956, Lewis aliendelea peke yake. Filamu zake kadhaa ziliongozwa na Frank Tashlin, aliyewahi kuwa mchoraji wa katuni. Mwaka 1960 alianza kuongoza mwenyewe kwa filamu The Bellboy, inayohusu mhudumu wa hoteli asiyesema neno karibu filamu nzima. Zilifuata The Ladies Man na The Errand Boy (1961), The Nutty Professor (1963), The Patsy (1964) na The Family Jewels (1965). Katika nyingi kati ya hizo alikuwa mwandishi, mwongozaji, mtayarishaji na mwigizaji mkuu kwa wakati mmoja.

Sifa zilivyoanza Ufaransa

Ili kuelewa sifa alizopewa Lewis, ni lazima kwanza kujua hali ya uhakiki wa filamu nchini Ufaransa. Katika miaka ya 1950 vijana walioandika katika jarida la Cahiers du cinéma, akiwemo François Truffaut, walitetea wazo kwamba mwongozaji ni mwandishi wa filamu yake, kama vile mshairi alivyo mwandishi wa shairi lake. Kwa kipimo hicho, haidhuru filamu ni ya kutisha, ya mapigano au ya kuchekesha. Linaloangaliwa ni kama mtu mmoja ameitia mtazamo wake, unaotambulika kutoka kazi moja hadi nyingine. Kwa njia hiyo waliwatetea Alfred Hitchcock na Howard Hawks, ambao wengi waliwaona kuwa mafundi wa burudani tu.

Lewis, aliyeshika karibu kila kazi muhimu katika filamu zake, aliingia vizuri katika wazo hilo. Aliungwa mkono pia na waandishi wa Positif, jarida lililokuwa mpinzani wa Cahiers. Mmoja wao, Robert Benayoun, aliandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka mwaka 1972. Mwaka huohuo Jean-Luc Godard alitoa filamu Tout va bien, ambayo jengo lake la kiwanda lililoondolewa ukuta wa mbele linakumbusha wazi nyumba iliyojengwa kwa ajili ya The Ladies Man.

Hoja za wanaomsifu

Wanaomsifu husema kwamba asiyeona zaidi ya uso uliokunjwa na sauti ya kulialia hajamtazama Lewis kama mwongozaji. Wao hutaja mambo manne.

Kwanza, matumizi ya nafasi. Kwa The Ladies Man Lewis alijengewa studioni nyumba ya ghorofa kadhaa, iliyo wazi upande mmoja kama nyumba ya mwanasesere. Kamera inapanda na kushuka, ikionyesha vyumba vingi vya wapangaji wanawake kwa pamoja. Kichekesho hakitoki katika maneno bali katika uhusiano wa mtu na jengo.

Pili, matumizi ya sauti. Katika The Errand Boy kuna onyesho ambamo tarishi anakaa kwenye kiti cha mwenyekiti wa kampuni na kuigiza mkutano mzima bila kusema neno, huku muziki wa bendi ya Count Basie ukichukua nafasi ya hotuba yake.

Tatu, ujasiri wa kuvunja kanuni za hadithi. The Bellboy haina kisa kinachoendelea. Ni mfululizo wa vituko. Mwishoni mwa The Patsy mhusika anaanguka kutoka roshani, kisha Lewis anarudi na kukiri kwamba yote ni filamu, na wafanyakazi wa studio wanaonekana.

Nne, ufundi. Lewis alikuwa kati ya waongozaji wa kwanza kuweka kamera ya televisheni kando ya kamera ya filamu, ili aweze kutazama papo hapo alichoigiza. Kabla ya hapo mwongozaji aliyekuwa pia mwigizaji alilazimika kungoja filamu isafishwe. Njia hiyo baadaye ikawa ya kawaida duniani. Mwaka 1971 alitoa kitabu The Total Film-Maker, kilichotokana na mihadhara yake katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California.

Hoja za wanaompinga

Wapinzani hawakuwa watu wasiojua wazo la Kifaransa. Andrew Sarris, mhakiki aliyelieneza zaidi nchini Marekani, alimkataa Lewis katika kitabu chake The American Cinema (1968), akiorodhesha sababu zake moja baada ya nyingine. Hoja za upande huu kwa jumla ni hizi.

Kwanza, wanasema filamu zake zina vipande vizuri lakini si kazi kamili. Kituko kimoja kinachekesha, kinachofuata kinachosha, na hakuna kinachoviunganisha. Kile ambacho watetezi hukiita ujasiri, wao hukiita uzembe wa mwandishi.

Pili, hulalamikia huruma ya kulazimisha. Mara nyingi kicheko hukatizwa na hotuba au machozi, mtazamaji akitakiwa ampende mhusika na, nyuma yake, Lewis mwenyewe. Kwao mtu anayecheza nafasi saba katika filamu moja, kama alivyofanya katika The Family Jewels, anajitukuza.

Tatu, huuliza ni kiasi gani cha ubunifu kilitoka kwa Tashlin, ambaye kabla ya Lewis kuanza kuongoza alikuwa amekwisha kuwatendea watu wa kweli kana kwamba ni katuni.

Nne, hutaja kushuka kwake. Filamu alizoongoza baada ya katikati ya miaka ya 1960 hazisifiwi sana hata na baadhi ya mashabiki. The Day the Clown Cried, aliyoipiga mwaka 1972, inamhusu mchekeshaji anayetumiwa kuwapeleka watoto kwenye vyumba vya gesi vya Wanazi. Haikupata kuonyeshwa kwa umma kutokana na mgogoro wa haki za hadithi, na Lewis mwenyewe alisema anaionea aibu.

Filamu moja, hukumu mbili

The Nutty Professor huonyesha vizuri zaidi jinsi ubishi huu unavyokwenda. Profesa Julius Kelp ni mwalimu wa kemia mwenye haya, asiye na sura nzuri, anayedharauliwa. Anatengeneza dawa, anainywa, na kugeuka Buddy Love, mwimbaji mtanashati lakini mwenye majivuno na ukatili. Kisa chenyewe kinafuata hadithi ya Robert Louis Stevenson kuhusu Daktari Jekyll na Bwana Hyde.

Baada ya mageuzi ya kwanza Lewis hamwonyeshi Buddy mara moja. Kamera inachukua nafasi ya macho yake: tunawaona watu barabarani wakisimama na kukodoa, hadi ndani ya klabu, ndipo anapoonekana. Mtazamaji aliyetarajia dubwana anaona mtu mzuri wa sura, na polepole anagundua kwamba huyo ndiye dubwana. Hata wapinzani wengi hukubali kwamba onyesho hili limetungwa kwa akili.

Mwishoni Buddy anarudi kuwa Kelp mbele ya wanafunzi na kutoa hotuba kwamba mtu ajipende jinsi alivyo. Wapinzani husema hapo ndipo filamu inapogeuka mahubiri. Watetezi hujibu kwamba inabidi kutazama hadi mwisho kabisa: Stella, mwanafunzi anayempenda Kelp, anaondoka naye akiwa na chupa mbili za dawa ileile katika mfuko wa nyuma. Basi je, filamu inaamini mahubiri yake, au inayacheka? Jibu la mtu kwa swali hilo mara nyingi ndilo jibu lake kuhusu Lewis kwa jumla.

Je, ni Wafaransa tu?

Methali ya Kiswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Kwa Lewis hudaiwa kuwa mambo yalikuwa kinyume, na usemi kwamba "Wafaransa wanampenda Jerry Lewis" ukawa mzaha wa kuwacheka Wafaransa wenyewe. Mzaha huo unaficha mambo mawili.

La kwanza ni kwamba Wamarekani wa kawaida walimtunza sana: walijaza majumba ya sinema kwa zaidi ya miaka kumi. Waliomkataa ni wahakiki, na hata kati yao hawakuwa wote; Peter Bogdanovich aliandika juu yake kwa makini tangu mwaka 1962, na Jonathan Rosenbaum alimtetea kwa miaka mingi.

La pili ni sababu za mapenzi ya Wafaransa. Wengine husema walimpenda kwa kuwa hawakusikia Kiingereza chake, hivyo wakabaki na vichekesho vya mwili. Mtaalamu Rae Beth Gordon, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alitafuta chanzo cha mbali zaidi: kabare za Paris za karne ya 19, ambako wachekeshaji wenye miondoko ya kutetemeka na kukakamaa walipendwa sana.

Tabia ya mtu na thamani ya kazi

Mjadala umeguswa pia na mwenendo wa Lewis nje ya filamu. Kuanzia 1966 hadi 2010 aliongoza kipindi cha televisheni cha kuchangia wagonjwa wa kudhoofika misuli, kilichokusanya fedha nyingi mno. Hata hivyo watetezi wa haki za watu wenye ulemavu, wakiwemo baadhi ya waliowahi kuonyeshwa humo wakiwa watoto, walilaumu kuonyeshwa kama watu wa kuhurumiwa. Alilaumiwa pia kwa kusema hadharani kwamba wanawake hawamchekeshi, na kwa kuwaigiza watu wa Asia kwa dhihaka. Mwaka 2022 jarida la Vanity Fair lilichapisha madai ya waigizaji wa kike kwamba aliwanyanyasa kijinsia wakati wa kazi. Wapo wanaosema mambo haya yatenganishwe na filamu. Wengine husema mwongozaji aliyejiweka katikati ya kila filamu yake hawezi kutenganishwa nazo.

Heshima alizopewa

Serikali ya Ufaransa ilimpa nishani ya Légion d'honneur mwaka 1984 na kumpandisha cheo mwaka 2006. Tamasha la Filamu la Venice lilimpa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha mwaka 1999. Nchini Marekani, mwaka 2004 The Nutty Professor iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa katika Maktaba ya Bunge. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Oscar ya utu wema, yaani kwa ajili ya michango yake ya hisani. Hakuwahi kupata Oscar kwa kuigiza wala kuongoza.

Vijana wengi wa leo wanaijua hadithi ya Profesa Kelp kupitia filamu ya Eddie Murphy ya mwaka 1996, iliyotokana na ile ya Lewis. Kuzitazama zote mbili ni njia rahisi ya kuanza kujiamulia. Pande hizi mbili hazibishani kama Lewis alichekesha, kwa maana mamilioni walicheka. Zinabishana kama kicheko hicho kilijengwa na mtu aliyejua anachofanya nyuma ya kamera, na hilo huamuliwa kwa kutazama filamu zenyewe, onyesho kwa onyesho.