Gari na Nidhamu Nchini Japani

Kwa mpenda magari kama mimi, kuishi Japani ni darasa. Huko, kama kwetu Uganda, gari hupita upande wa kushoto. Lakini kuwa na fedha za kulinunua hakutoshi. Katika sehemu nyingi mnunuzi hana budi kupata cheti cha polisi kuthibitisha kwamba anapo mahali pa kuliegesha, pasipozidi kilomita 2 kutoka nyumbani kwake. Gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Ukaguzi huo ni ghali, na ndiyo sababu mojawapo ya wenyeji kuyauza mapema magari yaliyo mazima, yakavuka bahari hadi Mombasa na kutufikia.

Dereva mpya hubandika alama ya jani mwaka mzima. Tangu 2007, hata abiria aombaye kupandishwa hali akijua dereva amelewa huadhibiwa.

Mwaka 1970 ajali ziliua watu 16,765 nchini humo. Mwaka 2023 waliokufa walikuwa 2,678, ingawa magari yameongezeka mno.

Magari yao tumeyapokea kwa mikono miwili. Je, nidhamu yao tumeiacha bandarini?