Siku moja Marangu: ndizi ni chakula, ndizi ni pombe
Familia inayopanda kutoka Moshi mjini hadi Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hukuta ndizi karibu katika kila sufuria. Mtori ni ndizi mbichi zilizopikwa na nyama, kisha zikapondwa hadi kuwa supu nzito. Wachaga humpa mama aliyejifungua. Machalari ni ndizi na nyama bila kupondwa. Kiburu ni ndizi na maharage.

Mbege nayo hutengenezwa kwa ndizi mbivu na ulezi. Ina utamu na uchachu kama togwa, lakini ni pombe. Kwa hiyo tunashauri watoto, wajawazito na dereva wasionje kabisa. Kuleni chakula kikiwa moto, na kabla ya kuagiza, ulizeni bei.