Mradi Ukiondoka, Mkulima Amebaki na Nini?

Miradi ya kuinua wakulima imepita mingi hapa Pwani. Mmojawapo ni NARIGP, ulioanza 2016 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200. Ulifika kaunti 21, Kwale na Kilifi zikiwemo. Lengo lake lilikuwa kumtoa mkulima katika kulima cha kujaza chungu tu, apate ziada ya kuuza. Wakulima walijiunga kwa vikundi, wakachagua zao au mfugo, wakaandika mpango, kisha kikundi kikapewa ruzuku.

Je, ulifaulu? Maafisa hupenda kutuhesabia vikundi, semina na vifaranga. Hivyo ni vilivyotolewa. Sisi tuulize vilivyobaki.

Tuseme mama wa Kinango alipewa vifaranga 20, wakakua 15, akauza kila mmoja shilingi 600. Amepata 9,000. Toa chakula 4,500, chanjo na dawa 700, nauli ya sokoni 800. Zabaki 3,000. Ikiwa ni kazi ya miezi sita, ni shilingi 500 kwa mwezi. Kideri kikiingia bandani, hata hizo hana. Kwa hivyo swali la kwanza: msimu wa pili alinunua vifaranga kwa pesa zake mwenyewe?

Swali la pili: jirani yake asiyekuwa kikundini yuko vipi? Mvua ikinyesha vizuri, wote huvuna, na mradi hujipa sifa isiyo yake. Ukame wa kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 nao uliwaumiza wote. Aliyeumia kidogo kuliko jirani huenda kweli alisaidika, hata kama hakutajirika.

Swali la tatu: nani aliingia kikundini? Fukara asiye na mchango wala nafasi ya kuhudhuria mikutano huachwa nje, na ndiye aliyekusudiwa.

Tangu 2022 kuna mradi mwingine, NAVCDP, na Kwale na Kilifi zimo tena. Huu nao ni mkopo, na mlipaji ni mimi na wewe, kila tununuapo sukari. Basi kwenye baraza la chifu tusipige makofi tu. Tuombe daftari la mradi uliopita lisomwe kwanza, kijiji kwa kijiji.