Pande, Donge au Kilichoganda?

Hapana mtoto aliyepitia chuoni katika mwambao wetu asiyeijua sura ya 96 ya Kurani, sura ya Alaq. Aya zake tano za mwanzo ndizo za kwanza kumteremkia Mtume Muhammad (S.A.W.) katika pango la Hira, mwaka wa 610 wa Miladi. Mtoto huihifadhi kabla hajajua maana ya hata neno moja. Maana huja baadaye, na ikija ndipo maswali yanapoanza.

Hapa Kongowea maswali hayo nimeyasikia kwa watu wa namna mbili. Wa kwanza ni vijana wa shule za sekondari. Wamefundishwa darasani kwamba mwanadamu huanza kwa mbegu ya baba na yai la mama, na kwamba katika safari yake yote tumboni hapana hata siku moja awapo bonge la damu iliyoganda. Kijana akirudi nyumbani akafungua tafsiri, hukuta aya ya pili inasema kuwa mtu ameumbwa kwa pande la damu. Au akifungua tafsiri nyingine, kwa tone la damu. Basi huuliza: lipi la kushika? Wa pili ni kina mama, na swali lao ni zito zaidi. Nitalifikia.

Kwanza natutazame neno lenyewe, kwani mara nyingi ugomvi wa watu wawili ni ugomvi wa neno moja tu.

NENO NA MZIZI WAKE

Alaq imetoka katika herufi tatu: ain, lam na qaf. Msomaji asiichanganye na talaka, ambayo mzizi wake ni tau, lam na qaf, na maana yake ni kufungua na kuachilia. Mzizi wa alaq ni kinyume chake kabisa: ni kushika, kunasa, kuning'inia, kutoachana. Katika sura ya Nisaa, aya ya 129, mke aliyetupwa na mumewe, si mke wala si mtalaka, ameitwa muallaqa, yaani aliyeachwa akining'inia. Mzizi ni huo huo.

Raghib al-Asfahani, aliyetunga kamusi mashuhuri ya maneno ya Kurani, ameyaweka mambo matatu pamoja chini ya mzizi huu: kunata kwenye kitu, mdudu wa majini anayenata kooni, yaani ruba, na damu iliyoganda, ambayo kwayo ndiyo hutajwa ile alaqa awayo mtoto. Ibn Manzur, ambaye kamusi yake kubwa Lisan al-Arab ilikamilika mwaka wa 1290, naye ameeleza kuwa wako waliosema alaq ni damu yoyote, wako waliosema ni damu nzito iliyoganda, na wako waliosema ni ile iliyoganda kabla ya kukauka. Kwa hiyo Mwarabu alipoiona damu inashikana na kung'ang'ania mahali ilipomwagikia, aliipa jina la kung'ang'ania kwake.

Wenye kuhudhuria maulidi wanalijua neno hili pengine bila ya kulitambua. Katika maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa na Sayyid Jaafar al-Barzanji wa Madina katika karne ya 18, panapohadithiwa malaika walivyokipasua kifua cha Mtume akiwa mtoto, hutajwa kuwa walitoa ndani yake alaqa, na mtungaji akaiongezea sifa: ya damu. Nalifikiri sana jambo hili. Ikiwa alaqa ni damu peke yake, kwa nini aseme tena ya damu? Jawabu nionavyo ni kwamba neno lina mlango mpana, na mtungaji alitaka msikilizaji aingie kwa upande mmoja.

MATAIFA MENGINE YALIONA NINI

Kila taifa liliiona damu inaganda, maana hapana taifa lisilojeruhiwa. Lakini kila moja lilifananisha kivyake.

Wayunani wa kale waliita thrombos, na neno hilo likatumika kwa bonge la damu na kwa bonge la maziwa yaliyoganda pia. Warumi walikuwa na majina mawili ya damu: sanguis ni damu inayotembea mwilini, na cruor ni damu iliyokwisha kumwagika. Lakini kwa kuganda walikwenda kwa mfuga mbuzi: coagulum ni dawa ya kugandishia maziwa ili yawe jibini. Kutoka hapo Wafaransa wamepata caillot, bonge la damu, ambalo ni ndugu wa neno lao la maziwa yaliyoganda. Hata Waarabu wenyewe, madaktari wao wa leo wakitaka kutaja damu iliyoganda ndani ya mshipa, hutumia khathra, na mzizi huo hutumika vile vile kwa maziwa yaliyokuwa mazito. Watu wetu waliofanya kazi Ghuba wamerudi na neno jingine, jalta, ambalo huko hutajwa kila siku mtu anapopatwa na ugonjwa wa moyo au kiharusi.

Fikira hii ya maziwa ilikwenda mbali. Aristotle, aliyekufa mwaka wa 322 kabla ya Miladi, aliufananisha mwanzo wa mimba na maziwa yanayotiwa kigandisho. Katika kitabu cha Ayubu cha Mayahudi pia pana mfano wa mtu kugandishwa kama jibini.

Waingereza hawakwenda kwa maziwa. Neno lao clot ni ndugu wa neno la bonge la udongo, lile ulionalo shambani nyuma ya jembe. Wahindi na Wapakistani husema thakka, na tafsiri za Kurani kwa Kiurdu hutumia lothra, pande. Wao walitazama umbo.

Na Waebrania, binamu wa Waarabu kwa lugha, wanalo neno aluqa, ila kwao ni ruba. Limo mara moja tu katika Taurati yao na vitabu vyake, katika Mithali, mlango wa 30.

Basi tunayo makundi matatu: wa maziwa, wa bonge, na wa kunata. Sisi Waswahili tuko wapi?

SOKO LA KONGOWEA NA NENO LETU

Kongowea ni jina la zamani la Mombasa yenyewe, na Muyaka bin Haji alilitumia katika mashairi yake kabla ya kufariki mwaka wa 1840. Leo ni jina la mtaa wetu wa ng'ambo ya Nyali na la soko lake, na soko hili ni shule ya lugha. Ukipita baina ya magunia ya viazi na mikungu ya ndizi utasikia lugha sita kabla hujanunua kitunguu. Damu, Mkikuyu huiita thakame, Mkamba nthakame, Mdigo milatso, Mjaluo remo, Msomali dhiig. Msomali analo na jina la peke yake la damu iliyoganda, xinjir, ambalo huanzia kwa ha ya kooni, na ndilo analotafsiria alaq.

Sisi damu tumeichukua kwa Mwarabu, dam, tukaongeza irabu ya mwisho kama ada yetu. Lakini kitendo cha kuganda hatukukiazima. Ni cha Kibantu, tumerithi. Na hapa ndipo pa kustaajabisha.

Kuganda kwetu kuna maana mbili. Samli huganda siku za baridi ya kusi. Maziwa huganda yakawa mtindi. Damu ya chuku huganda ndani ya pembe ikawa mithili ya ini. Hiyo ni maana moja. Lakini mtoto mchanga humganda mamake, hataki kupakatwa na mwengine. Mdai humganda mdaiwa. Kupe humganda ng'ombe. Na mtu asiyebanduka kwa mwenziwe huambiwa amemganda kama ruba. Tena tumezaa humo kugandama na kugandamana. Hiyo ni maana ya pili, nayo ni kunata na kutoachana.

Tazama basi: damu, ruba na kunata, yale matatu aliyoyaweka Raghib chini ya ain, lam na qaf, kwetu yanakaa chini ya kitenzi kimoja. Thrombos haikuweza. Coagulum haikuweza. Neno la Waingereza halikuweza. Kiswahili kimeweza bila ya kuazima hata herufi, kisha sisi wenyewe tukakipita kitenzi hicho tukachukua pande na tone.

Pande ni kitu kilichokatwa katika kikubwa: pande la nyama, pande la mti, hata pande la mtu. Tone ni cha majimaji, kinachodondoka. Donge ni cha kufinyangwa, na pia ni lile linalomkaba mwenye kijicho. Yote ni maneno mazuri, lakini hapana hata moja lenye kunata ndani yake. Sisemi kuwa masheikh wetu waliotafsiri walikosea. Wafasiri wa kale walisema damu. Ikrima, mwanafunzi wa Ibn Abbas, alisema hivyo. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka wa 1373, alieleza kuwa ni kitu chekundu, kirefu, kwa umbo la alaqa. Masheikh walishika njia iliyokwisha kukanyagwa. Mwaka wa 1976 daktari wa Kifaransa, Maurice Bucaille, alitoa kitabu akashikilia maana ya kunata, na Muhammad Asad katika tafsiri yake ya Kiingereza ya mwaka wa 1980 akaiacha damu kabisa, akaandika chembe ya uzazi.

Kijana wa sekondari naye na asikilize. Elimu ya leo inasema kuwa yai lililorutubishwa, siku kama 6 au 7 baadaye, hufika katika ukuta wa tumbo la uzazi likanata hapo, na katika wiki ya pili likazama ndani yake na kuanza kujilisha kwa damu ya mama. Asiponata, hapana mtoto. Akisoma kilichoganda badala ya pande la damu, ugomvi wake na mwalimu umepungua nusu. Lakini asifanye Kurani kuwa kitabu cha maabara. Elimu ya watu hubadilika kila miaka, na aya imeteremka kumkumbusha mtu unyonge wa asili yake.

SWALI LA KINA MAMA

Sasa nije kwa kina mama. Mwanamke akiharibu mimba ya wiki chache, jirani humwambia, pole mwanangu, ilikuwa damu tu. Naye huchukulia kuwa ni kama hedhi iliyochelewa. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoyafuata wengi wetu huku pwani, alaqa si damu tu. Ikimtoka, na wakunga wakasema kuwa ni asili ya mtu, humpasa kuoga josho la uzazi, na damu ifuatayo ni nifasi, ambayo ukomo wake ni siku 60, si hedhi yenye ukomo wa siku 15. Sala yake na saumu yake hutegemea hapo.

Na iko zaidi. Mtalaka aliye na mimba, eda yake humalizika kwa kuzaa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 1277, ameandika katika Minhaj kwamba eda haimaliziki kwa alaqa, bali humalizika kwa mudgha ikiwa na umbo la mtu lililofichika, wakitoa habari wakunga. Mudgha ni hatua inayofuata, na maana yake ni kiasi cha kutafunwa, yaani tonge. Sasa mfikirie mama anayesoma Kiswahili peke yake: hii ni pande la damu, ile ni pande la nyama. Pande na pande! Baina ya mapande hayo mawili ndimo ilimo ndoa yake: mumewe anaweza kumrejea au hawezi, anaweza kuposwa au bado.

Tuangalie pia nani amepewa neno la mwisho. Mwanachuoni mkubwa wa Sham hakusema aulizwe kadhi wala mume. Alisema waulizwe wakunga. Elimu ya mikono ya wanawake imo ndani ya sheria, na wakunga wetu wa Kisauni na Kongowea, wa majumbani na wa hospitali, wanastahiki kufahamishwa maneno haya ili waseme kwa hakika.

Jambo moja halina kamusi wala fiqhi: mama aliyejifungua au kuharibu mimba akitokwa na mabonge makubwa ya damu, au damu isiyokatika, apelekwe hospitali upesi. Masuala ya josho yatamngoja akirudi.

Nawaomba basi maalim wetu wa vyuoni, wanapofika sura ya Alaq, wawaambie watoto kuwa alaqa ni kilichoganda, kisha wawaulize: kimeganda vipi? Mtoto wa Kiswahili atajibu mwenyewe kwa lugha ya mamake, kwamba kimeganda kama damu, na kimeganda kama yeye alivyomganda mama. Na mudgha waiite tonge la nyama, ili kina dada zao wapate kupambanua.

Wallahu aalamu.