Gemu za Watoto: Vinara wa Dunia na Rekodi Iliyowekwa Tanga

Kwa mauzo, Minecraft haina mpinzani. Oktoba 2023 ilitangazwa kwamba nakala zake zimevuka milioni 300. Mtoto hupewa ardhi, akachimba, akajenga, akalima, akafuga. Mambo ambayo mtoto wa Lupepo, kwetu Rungwe, aliyekulia kati ya migomba na chai, anayajua kabla hajashika simu. Lakini inauzwa, na kwa mzazi anayesubiri malipo ya majani ya chai, gemu haiwezi kutangulia daftari na sare.

Kwa mashine za kuchezea, kinara ni PlayStation 2 ya mwaka 2000, iliyouza zaidi ya milioni 160. Vibanda vya gemu vya miji yetu midogo vimejengwa juu ya jina hilo, watoto wakipokezana pedi.

Iliyofika mbali kuliko zote kwa familia zetu, kwa maoni yangu, ni gemu ya nyoka. Mfini Taneli Armanto aliiandaa kwa ajili ya Nokia 6110 mwaka 1997. Kisha mwaka 2003 ikaja Nokia 1100, kitochi chenyewe, kikauza zaidi ya milioni 250, na hakuna simu iliyokipita. Nyoka hakula bando, hakuleta tangazo la kubeti katikati ya mchezo, na baba, mama na mtoto walishindania alama kwenye simu moja. Gemu nyingi za bure za leo hazifikii hata robo ya usalama huo.

Ila rekodi ninayoithamini kupita zote iliwekwa hapa Tanzania. Shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za dola milioni 15, liliwataka wabunifu watengeneze programu ya kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Waliojitokeza walitoka nchi nyingi, wakabaki watano. Programu zao zilipelekwa mkoani Tanga, kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji vipatavyo 170, kwenye vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua. Asilimia 74 ya watoto hao ilielezwa kwamba hawajawahi kwenda shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 ya kugusa herufi, kuburuta namba na kucheza, idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

Mei 2019 washindi walitangazwa wawili: Kitkit School na onebillion, kila mmoja akipata dola milioni 5. Programu ya onebillion iko ng'ambo ya mpaka pia: leo serikali ya Malawi inaieneza katika shule zake za msingi, ng'ambo tu ya Mto Songwe, jirani kabisa na sisi wa Rungwe.

Inaniuma kwamba watoto wa hapa hawaijui kazi iliyofanyiwa majaribio kwa lugha yao. Programu zote tano ziliachwa wazi, kwa Kiswahili na Kiingereza, yeyote azichukue bure. Na baada ya sensa ya 2022 serikali iligawa vishikwambi kwa walimu. Mwalimu wa Lupepo akipakua programu moja siku anayoshuka mjini Tukuyu, penye mtandao mzuri, darasa la kwanza litaichezea bila bando.